Mtungi Usioota Kabungu

Mmea wa mtungi hauoti porini Kabungu. Hauoti Mpanda, wala Katavi nzima, wala popote katika Afrika bara. Ukiutaka ulio karibu nasi, vuka bahari hadi Madagaska, au Mahé na Silhouette huko Shelisheli. Hata hivyo, nilipofundishwa kwamba kuna majani yanayokula wadudu, picha niliyoonyeshwa ilikuwa ya mtungi.

Étienne de Flacourt, gavana wa Wafaransa kusini mwa Madagaska, aliueleza katika kitabu chake cha 1658 kwa jina alilolisikia huko: amramatico. Mwaka 1737 Linnaeus akauita Nepenthes, jina la dawa ya kuondoa huzuni katika utenzi wa Homer. Jina zuri, sikatai. Lakini lile la wenyeji ndilo lililoachwa njiani.

Wapenda mimea wa London walikuwa na shida nyingine: moshi wa makaa na jua hafifu. Daktari Nathaniel Ward alishindwa kuotesha kangaga nyumbani kwake. Mwaka 1829 akaweka kifukofuko cha nondo kwenye udongo ndani ya chupa iliyozibwa, na kangaga ikachipua humo yenyewe. Ndipo yakaja masanduku ya vioo yaliyosafirisha mimea baharini.

Kioo kilitunza unyevu na kuzuia masizi. Mwanga hakikuuongeza. Mtungi ni ncha ya jani iliyogeuzwa mtego, na kuujenga kunagharimu sukari itokanayo na jua. Mdudu humpa mmea naitrojeni na fosforasi, chakula hasa hampi. Kwa hiyo mmea ukikaa kivulini huendelea kutoa majani, ila ncha zake hunyauka bila kuvimba. Kwa hesabu yake, mtego hauna faida.

Ulaji wa wadudu, basi, ni kazi ya mahali penye jua kali, maji mengi na rutuba kidogo. Usiutafute chini ya miyombo. Utafute mbugani.

Masika, mbuga za Kabungu zikijaa, utaona vijiua vya njano vimesimama juu ya maji. Huo ni Utricularia. Hauna mizizi. Chini ya maji una vibofu vidogo kama punje za ulezi. Kila kibofu husukuma maji nje mpaka kuta zake zibonyee. Kiumbe akigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango hufunguka na kumfyonza ndani ya takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Darwin, katika kitabu chake cha 1875 kuhusu mimea hii, alidhani viumbe hujisukuma wenyewe kuingia. Ufyonzaji ulikuja kuthibitishwa karne ya 20.

Mbuga hizo sasa zinageuzwa majaruba ya mpunga, na mbolea inaleta ukungu wa kijani unaoziba mwanga. Nilimuuliza mzee aliyekuwa akipalilia mmea huu unaitwaje.

“Majani ya maji tu, mjukuu wangu.”

Nikamwekea vibofu kiganjani. Akavitazama kwa muda, akauliza kama vinakula viluwiluwi vya mbu. Nikamwambia ndiyo babu, vile vichanga.

“Basi tutayaacha yale ya karibu na nyumba,” akasema, akaendelea kung’oa yaliyomo jarubani.