"Printa haisomi": kutambua na kiendeshaji

Msimu wa korosho ukianza na makaratasi ya vyama vya msingi yakawa mengi, steshenari za Masasi, Newala na hata huku Chiwata hupata kilio kimoja: "Printa haisomi." Kila fundi anaelewa. Kasoro yake ni kwamba kauli hiyo inabeba hitilafu mbili zisizofanana. Mwenye Windows anaweza asijali, maana mara nyingi CD iliyokuja na printa humaliza yote. Mwenye Linux asipozitenganisha atahangaika mpaka jioni.

Hitilafu ya kwanza ni ya kutambua. Ukichomeka waya wa USB, printa hujitaja kwa namba mbili, ya mtengenezaji na ya bidhaa. Anayezipokea ni kiini, yaani programu ya ndani kabisa inayosimamia vifaa vya kompyuta. Andika amri ya lsusb uzione: HP LaserJet 1020, ile ndogo iliyozoeleka madukani, hutokea kama 03f0:2b17, na 03f0 ndiyo HP wenyewe. Namba zisipotokea, usihangaike na programu yoyote. Kagua waya, badili tundu, hakikisha printa imewashwa.

Zikitokea, printa imetambuliwa, ila kuchapa bado, na hitilafu ya pili huanzia hapa. Hapo ndipo panapohitajika kile mafundi wanachokiita draiva na ambacho kwa istilahi ni kiendeshaji: programu inayougeuza ukurasa kuwa amri ambazo printa ya aina hiyo inazielewa. Wapo wanaoandika kiendeshi; mimi ningeliacha neno hilo kwa diski, ambako tayari linatumika. Kwenye Linux kazi hii husimamiwa na CUPS, mfumo ulioasisiwa na Michael Sweet, ukatolewa mwaka 1999, na Apple wakauingiza katika Mac mwaka 2002. Amri ya lpinfo -v huonyesha printa ambazo CUPS inaziona, na lpinfo -m huorodhesha viendeshaji ilivyo navyo. Kiendeshaji cha Windows kilichomo kwenye CD hakifai hapa hata kidogo. Printa nyingi za HP huhudumiwa na kifurushi cha viendeshaji cha HPLIP; nyingi za Epson na Canon, na Gutenprint.

Hiyo 1020 ina ukaidi wake. Haihifadhi programu yake ya ndani: kila inapowashwa, sharti kompyuta iipelekee upya. Umeme ukikatika na kurudi, lsusb itaionyesha, foleni ya CUPS itapokea kazi, karatasi haitoki. Mteja atasema haisomi, kumbe imetambuliwa na kiendeshaji kipo. Kilichokosekana ni hiyo programu. Mara nyingi kuizima na kuiwasha tena wakati kompyuta imewashwa hutosha, mradi HPLIP iwe na kiongezo chake, ambacho hupakuliwa mtandaoni. Kipakue ukiwa Masasi mjini, kabla hujapanda na mashine kijijini.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi za Jambo OpenOffice mwaka 2004, na menyu zikasomeka kwa Kiswahili. Lugha ya hitilafu ndiyo iliyobaki nyuma, na hiyo ni kazi ya mafundi kuliko ya wanaisimu. Kwa hiyo fundi, ukiletewa printa "isiyosoma", usiandike hivyo kwenye daftari la kazi. Andika haitambuliwi, au haina kiendeshaji, ili atakayeipokea baada yako ajue pa kuanzia.