Udijitishaji wa Kanda za Video

Watazamaji wengi wa Afrika Mashariki walikutana na neno "dijitali" walipolazimika kununua king'amuzi. Tanzania ilianza kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Kenya ikazima yake mwaka 2015, na tangu hapo dijitali ikawa habari ya antena na minara. Kanda zilizo rafuni hazikuguswa na zima-zima hiyo: U-matic, Betacam, VHS. Kuzisoma na kuzigeuza ziwe faili zinazoweza kurushwa tena ni kazi ya pekee, na hiyo ndiyo udijitishaji wa kanda.

Shina la istilahi ni dijiti, yaani tarakimu. Wengi husema "kuhamisha kanda", usemi unaoficha kiini cha kazi, maana hakuna kinachohama. Kanda ya analojia hutoa ishara isiyokatika, inayopanda na kushuka. Mashine huipima na kuandika kila kipimo kwa namba. Kiwango cha kimataifa cha mwaka 1982, BT.601 kwa jina lake la sasa, kinataka mwangaza upimwe mara milioni 13.5 kwa sekunde, na kila mstari wa picha utoe vipimo 720. Katika PAL, mfumo wa analojia uliotumika Tanzania na Kenya, picha huwa na mistari 576 inayoonekana, nazo hupita picha 25 kila sekunde. Kwa biti nane, weusi huandikwa 16 na weupe 235. Saa moja isiyobanwa hufikia gigabaiti 75 hivi.

Kisichopimwa wakati huo hakimo katika faili, na hakuna programu itakayokirudisha. Ndiyo maana sehemu kubwa ya udijitishaji hufanyika kabla ya kompyuta: kusafisha vichwa vya mashine, kuunganisha kifaa cha kusawazisha muda ili mistari isiyumbe, na kuikausha kwa joto la nyuzi 50 hivi kanda ambayo gundi yake imelainishwa na unyevu. Mashine zenyewe zinaadimika. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho wa deki za VHS, iliacha mwaka 2016.

Kinachofuata baada ya udijitishaji kina jina lake: ubadilishaji wa umbizo. Kutoka kwenye faili kuu, isiyobanwa au iliyobanwa bila kupoteza kitu, kwa mfano kwa kodeki ya FFV1, hutengenezwa nakala nyepesi ya kurusha. Vituo vinavyochanganya hatua hizi mbili hudijitisha moja kwa moja kwenye nakala nyepesi, na hasara yake ni ya kudumu. Kosa la ubadilishaji wa umbizo ni jepesi zaidi: nyuso zilizopanuliwa kwa sababu picha ya 4:3 imevutwa ijaze skrini ya 16:9 ni kosa la kuudhi, lakini linarekebishika siku hiyohiyo, mradi faili kuu ipo.