Kanisa na Wakubwa wa Nchi

Sisi Wakristu wa Shari, hapa karibu na Bunia, twalijua jambo hili: uchaguzi unapokaribia, huja mkubwa na mabati ya kanisa, kisha huomba aseme maneno machache baada ya Misa. Je, tupokee? Kabla ya kujibu, yafaa tutazame nyuma.

Tarehe 26 Mei 1906 Roma ilipatana na Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold II. Serikali iliahidi kila misioni ya Kikatoliki shamba la hektari 100 mpaka 200, bure na la kudumu. Misioni nazo ziliahidi kufungua shule, kumpelekea Gavana Mkuu mpango wa masomo, na kufundisha lugha za Ubelgiji. Kwa njia hiyo watoto wengi walijua kusoma, nasi twashukuru.

Lakini tukumbuke mwaka wenyewe. Zilikuwa siku za mpira wa msituni, watu wakipigwa na kuuawa kwa ajili yake. Tume aliyoituma mfalme mwenyewe ilikuwa imekwisha kutoa habari za maovu hayo mwaka 1905. Aliyepewa shamba na mtu huona vigumu kumkemea. Hata hivyo si wote walionyamaza: mwaka ule ule wa 1906 Padre Arthur Vermeersch, Mjesuiti wa Ubelgiji, alitoa kitabu cha kuulaumu utawala huo.

Baada ya uhuru mambo yalirudi kwa sura nyingine. Mobutu alipotwaa madaraka mwaka 1965, viongozi wa Kanisa walimpokea kwa matumaini. Mwaka 1972 alikataza majina ya Kikristu. Kardinali Malula alipinga siasa hiyo, akalazimika kukaa Roma miezi kadhaa. Mwisho wa 1974 serikali ilizitwaa shule, kisha ikazirudisha kwa mapatano mwaka 1977. Basi twaona kwamba mkono uliotoa waweza pia kunyang'anya.

Wahenga walisema: Mtumikie kafiri upate mradi wako. Je, methali hiyo yalifaa Kanisa? Hata kidogo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba Kanisa halitegemei upendeleo wa serikali, bali liko tayari kuuacha ikiwa unatia shaka ushuhuda wake. Wala haina maana kwamba tujitenge na nchi yetu. Kushirikiana katika shule na hospitali ni jambo jema. Kupiga kura ni wajibu. Neno ni hili: je, kesho tutaweza kumkemea huyu aliyetusaidia leo? Herode alipenda kumsikiliza Yohane Mbatizaji, lakini Yohane hakula mezani pake, kwa hiyo ulimi wake ulikuwa huru.

Hapa Ituri, ambako damu nyingi imemwagika tangu 1999, hatari ni kubwa zaidi. Kanisa likionekana kuwa la mkubwa wa upande mmoja, nani wa upande wa pili atakuja kupatanishwa mbele ya altare yake?

Basi mabati yakija, yapokelewe kama sadaka ya mwamini ye yote, bila hotuba na bila sifa. Mwenyewe akikataa, na aende nayo. Sisi tutaezeka kwa nyasi, na padre wetu atahubiri bila kuogopa mtu.