Vikaragosi vya Ngozi vya Kerala: Nyumba za Pulavar na Majira ya Mwaka

Neno kikaragosi limetujia kutoka mbali. Asili yake ni Karagöz, jina la mchekeshaji katika mchezo wa vivuli wa Waturuki, nalo lilipita katika Kiarabu hata likafika pwani yetu. Aghalabu twalitumia kwa maana ya mtu asiye na shauri lake mwenyewe, atendwaye na mkono wa mwingine. Makala haya yahusu vikaragosi vya kweli, vya ngozi na mwanzi, ambavyo nyumba chache za wachezaji katika Kerala, kusini-magharibi ya Bara Hindi, zimekuwa zikivichezesha kizazi baada ya kizazi. Nia yetu ni kueleza jinsi nyumba hizo zilivyoifuata kazi yao kwa majira ya mwaka, na kuuliza ni kitu gani kilichoitegemeza kazi hiyo. Mtu aweza kujibu upesi ya kwamba mchezo hutegemezwa na watazamaji. Habari za Kerala zaonyesha vingine.

Nchi hiyo si ngeni kabisa kwa watu wa pwani ya Afrika Mashariki. Kerala ni sehemu ya pwani iliyoitwa Malabar, na mwaka 1498 Vasco da Gama alipoondoka Malindi mwezi wa Aprili akiwa na rubani aliyepewa huko, alifika karibu na Calicut kwa muda wa siku ishirini na kitu. Pepo zilizoendesha vyombo baina ya pwani hizo mbili ndizo zinazoigawa kazi ya mkulima wa Kerala. Mwanzo wa mwezi wa Juni upepo wa kusini-magharibi huleta mvua kubwa. Mvua zikiisha, mpunga huvunwa mara ya kwanza yapata mwezi wa Septemba au Oktoba, na mara ya pili yapata Januari au Februari. Baada ya mavuno haya ya pili ghala huwa na nafaka, ardhi hukauka, na mahekalu huanza sikukuu zao. Hapo ndipo majira ya vikaragosi yanapofunguliwa, nayo huendelea mpaka mwezi wa Mei, mawingu yanapoanza kukusanyika tena.

Mchezo huo huitwa tholpavakoothu, jina lililoungwa kwa maneno matatu: ngozi, mwanasesere, na mchezo. Makao yake ni wilaya za Palakkad, Thrissur na Malappuram, hasa vijiji vilivyo karibu na mto Bharathappuzha. Wachezaji wake wakuu hupewa jina la Pulavar, ambalo katika Kitamil lina maana ya mshairi mwenye elimu. Jina hilo halikutolewa bure. Hadithi wanayoicheza ni ile ya Rama, kama ilivyotungwa kwa Kitamil na mshairi Kamban, ambaye wataalamu humweka baina ya karne ya 9 na ya 12. Utungo wake una beti zaidi ya 10,000. Mchezaji hukariri sehemu kubwa ya beti hizo kwa moyo, kisha hujifunza kuzifasiri papo kwa papo katika mchanganyiko wa Kitamil na Kimalayalam, lugha ya wenyeji. Mwanafunzi, ambaye kwa desturi ni mtoto wa nyumba hiyo au jamaa yake, huhitaji miaka kadhaa kabla ya kuaminiwa usiku mzima.

Wenyewe husimulia ya kwamba mchezo huu ulipangwa na mtu mmoja aitwaye Chinna Thampi, ambaye kwa sababu ya tabaka lake alizuiwa kusikia hadithi takatifu katika mkutano wa makuhani. Naye akaiweka katika vivuli ili watu wote wapate kuisikia. Hatuwezi kuyashika masimulizi hayo kama tarehe ya historia. Lakini yaonyesha jinsi wachezaji wanavyojitazama: si wachekeshaji wa njiani, bali ni warithi wa elimu ambayo wazee wao waliipata kwa shida.

Sababu ya pili ya mchezo, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, imo katika dini. Yasemwa ya kwamba Bhadrakali, mungu wa kike wa vijiji hivyo, alikuwa akipigana na jitu liitwalo Darika wakati ule ule Rama alipokuwa akipigana na Ravana, mfalme wa Lanka mwenye vichwa kumi. Kwa hiyo hakuiona vita ile kubwa. Ili asikose, huchezewa kila mwaka mbele ya hekalu lake. Jambo hili msomaji alishike sana, maana mambo mengine yote yatokana nalo: mwenye haki ya kutazama ni Bhadrakali, na mwanadamu akija, amekuja kama mgeni.

Hii ndiyo sababu jumba la mchezo, liitwalo koothumadam, hujengwa la kudumu katika uwanja wa hekalu, limelielekea hekalu lenyewe. Ni jengo refu na jembamba, lenye urefu wa futi 42 hivi, lililo wazi upande wa mbele. Upande huo hutandazwa pazia: nguo nyeupe juu, na nguo nyeusi chini yake. Nyuma ya pazia hupangwa taa 21 kwa safu, na kila taa ni nusu ya kifuu cha nazi kilichotiwa mafuta ya nazi na utambi wa pamba. Moto wa kuziwashia huletwa kutoka taa ya hekalu. Mtu wa Lamu au Pemba hangehitaji kuelezwa vyombo hivyo, wala harufu ya mafuta yake.

Vikaragosi vyenyewe hapo zamani vilifanywa kwa ngozi ya paa. Ngozi hukwanguliwa manyoya, hukaushwa, huchorwa umbo, kisha hukatwa na kutobolewa kwa patasi ndogo ndogo, ili mwanga upite katika matundu na kuonyesha mapambo ya nguo, taji na silaha. Halafu hutiwa rangi na kubanwa kwa kijiti cha mwanzi au cha mpopoo kilichopasuliwa. Kwa kawaida ni mkono mmoja tu unaocheza. Wahusika wa hadithi huhesabiwa kuwa 71, lakini vikaragosi vya seti kamili huzidi 160, kwa kuwa shujaa mmoja ana umbo lake la kukaa, la kusimama, la kutembea na la kupigana. Kwa hiyo mali ya nyumba moja ya Pulavar si ndogo, na kuitunza ni kazi ya watu wengi.

Mchezo huanza usiku, watu wakisha kula, nao hauishi mpaka karibu na alfajiri. Ngoma na matoazi hulia kwanza. Kombe kubwa la bahari hupulizwa. Ganapati, mwondoaji wa vikwazo, huombwa mwanzo. Kisha hutokea vikaragosi vya makuhani, ambao huwaombea baraka wale waliotoa fedha kwa ajili ya usiku ule: huyu ataka mtoto, huyu afya, huyu mavuno mema. Ndipo hadithi inapoendelea kutoka pale ilipoachwa usiku uliopita. Idadi ya usiku hutegemea desturi ya hekalu na uwezo wake: 7, 14, 21, na pengine zaidi. Usiku wa mwisho Rama hutawazwa. Hekalu haliwezi kumwacha msituni au vitani. Hadithi iliyoanzwa sharti imalizwe.

Sasa na tufanye hesabu nyepesi. Tangu katikati ya Januari hata mwisho wa Mei ni yapata siku 135. Nyumba inayocheza mfululizo wa usiku 21 kila mahali haiwezi kuyahudumia mahekalu zaidi ya sita, hata kama haipumziki usiku mmoja. Mahekalu nayo yana tarehe zake, ambazo mara nyingi hugongana. Kwa sababu hii nyumba hulazimika kugawanyika: mzee na mtoto mmoja huku, ndugu na mpwa kule, na vikaragosi vikagawanywa vile vile. Ukosefu wa watu wenye elimu ya kutosha huonekana hapo upesi. Pazia laweza kushonwa kwa siku moja, lakini mtu awezaye kuieleza vita ya Lanka mpaka alfajiri hapatikani ila kwa miaka.

Mvua zikianza, jumba hufungwa. Miezi hii ndiyo ya kazi isiyoonekana. Ngozi ni adui wa unyevu, na kikaragosi kilichowekwa vibaya hujikunja na kuota ukungu. Basi hukaguliwa, hunyoshwa, na vilivyovunjika hufanywa upya. Wanawake, ambao kwa desturi hawakuingia katika jumba la mchezo kucheza, walishiriki katika kazi hii ya nyumbani. Beti hufundishwa, na hapo kale zilinakiliwa juu ya majani ya mvumo. Lakini nyumba haiwezi kula mwaka mzima kwa malipo ya miezi mitano. Kwa hiyo wengi wa wachezaji walikuwa na shamba, duka au kazi nyingine. Katikati ya mvua huja mwezi wa Karkidakam, baina ya Julai na Agosti, uliojulikana zamani kuwa mwezi wa upungufu. Mwezi huo hadithi ya Rama husomwa majumbani kwa Kimalayalam. Hivyo hadithi ile ile hukaa hekaluni wakati wa kiangazi, na nyumbani wakati wa mvua.

Wageni wengi waliokwenda kuutazama mchezo huu walistaajabu kuona uwanja mtupu. Stuart Blackburn, aliyeandika kitabu juu yake kilichotoka mwaka 1996, aliliweka jambo hilo katikati ya uchunguzi wake. Usiku wa manane mara nyingi hakuna mtu mbele ya pazia, au wapo wachache waliolala. Hata hivyo ndani ya jumba wachezaji hawapunguzi neno. Mmoja husoma ubeti na kuufasiri. Mwenzake humwuliza swali, humpinga, huleta kisa kingine au maana nyingine ya neno lile lile. Mazungumzo hayo yaweza kuwa marefu kuliko hadithi yenyewe. Watazamaji wao wa kweli ni wao kwa wao, na zaidi yao ni mwenye hekalu. Hapa ndipo twaona kwa nini mchezo haukufa ulipokosa umati: haukuwa umesimama juu ya umati tangu mwanzo. Ulisimama juu ya nadhiri, mavuno na tarehe ya hekalu.

Basi kilichoutikisa kilitoka upande mwingine. Katika mpango wa kale, usiku wa mchezo uligharimiwa na mahekalu na nyumba kubwa zilizokuwa na ardhi. Sheria ya ardhi ya Kerala ya mwaka 1963, iliyorekebishwa mwaka 1969 na kuanza kutumika kwa nguvu tarehe 1 Januari 1970, ilikomesha ukabaila na kuwapa wapangaji ardhi waliyoilima. Kwa wakulima wengi ilikuwa haki iliyochelewa, wala hapana sababu ya kuilaumu. Lakini pamoja na pato la kabaila lilipungua fungu lililokuwa likinunua mafuta ya taa 21 na kuwalipa wachezaji. Mahali pa usiku 21 pakawa na 14 au 7. Kisha sheria ya kuhifadhi wanyama ya mwaka 1972 ikaifanya ngozi ya paa kuwa haramu kuitafuta, na mafundi wakahamia ngozi ya mbuzi na nyinginezo.

Katika hali hiyo Krishnan Kutty Pulavar (1925–2000), wa nyumba iliyo karibu na Shoranur, alichukua hatua ambayo wazee wake hawakuichukua. Aliutoa mchezo nje ya hekalu, akaufupisha, akauonyesha mbele ya watu waliokuja kuutazama kwa hiari yao, katika Bara Hindi na ng'ambo. Mwanawe, Ramachandra Pulavar, ameiendeleza njia hiyo na kuongeza hadithi nyingine, kama ya maisha ya Gandhi na ya Yesu. Mwaka 2021 serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri. Katika nyumba hiyo hiyo binti yake ameunda kundi la wanawake, na mikono iliyokuwa ikitoboa ngozi sasa yashika vijiti mbele ya taa.

Je, mchezo umeokoka? Jina lake limeokoka, na heshima ya nyumba imekua. Lakini yatupasa kupima kwa kipimo cha wenyewe. Saa moja ya maonyesho yaweza kumwonyesha mgeni umbo la Ravana na mbio za Hanuman. Haiwezi kubeba mabishano ya wafasiri wawili juu ya ubeti mmoja. Elimu ya Pulavar iliwekwa katika wingi wa usiku kama maji katika mtungi. Mtungi ukipunguzwa, maji nayo hupungua. Kwa upande mwingine, bila saa ile moja na fedha yake, kijana wa nyumba hangekuwa na sababu ya kujifunza hata ubeti wa kwanza. Nyumba hizo zajua hivyo, nazo hufanya yote mawili: mavuno yakiisha hurudi hekaluni, na miezi mingine husafiri.

Mtu wa historia apata funzo hapa. Twapoandika juu ya sanaa za kale, huuliza kwanza ni watu wangapi waliokuwa wakitazama. Kerala yatufundisha kuuliza pia ni nani aliyenunua mafuta, ni lini mpunga ulivunwa, na ni usiku mingapi mtoto alikaa nyuma ya pazia akimsikiliza baba yake. Hata leo, katika mahekalu yaliyobaki na desturi hiyo, taa za vifuu huwashwa kwa moto wa hekalu baada ya mavuno, na ubeti wa kwanza husomwa, uwanja ukiwa umejaa au ukiwa mtupu.