Kutoka Bango la Hofu hadi Igizo la Darasani: Nusu Karne Isiyotimia ya Elimu ya UKIMWI Shuleni

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa. Shuleni hapakuwa na kitabu cha kushika, wala mwalimu aliyeandaliwa kulizungumza jambo lenyewe. Zana za mwanzo zilikuwa mabango na vipeperushi vya kuonya kwamba ugonjwa huu unaua. Onyo lilikuwa la kweli, na watu wa Kagera hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Lakini hofu ilimwambia mtoto ajihadhari bila kumwonyesha atasema nini na atafanya nini siku atakayoshawishiwa.

Uganda ilianza mapema kuingiza elimu hii madarasani, kupitia mradi wa afya shuleni ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa UNICEF. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani kusema kwamba ameambukizwa, kisha akatumia miezi yake ya mwisho kuzungumza na vijana shuleni na makanisani. Wanafunzi wakasikia habari za ugonjwa kutoka kwa mgonjwa mwenyewe, tena mtu waliyempenda.

Tanzania ilipiga hatua yake mwaka 1992, katika mikoa ya Arusha na Kilimanjaro. Mradi wa Ngao ulilenga wanafunzi wa darasa la sita na la saba, ukawafunza walimu pamoja na wahudumu wa afya. Wanafunzi hawakuachiwa kunakili maelezo ubaoni tu: walichora mabango yao, wakatunga nyimbo na mashairi, wakaigiza mbele ya wazazi. Shule 18 zilihusishwa, 6 zikipata mafunzo na 12 zikiwa za kulinganishia. Baada ya mwaka mmoja, wanafunzi waliofundishwa walikuwa na maarifa zaidi, walizungumza zaidi kuhusu UKIMWI, na mtazamo wao kwa wagonjwa ulikuwa mwema zaidi.

Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa stadi za maisha shuleni, ukitaja stadi kumi, miongoni mwake kujitambua, kufanya uamuzi, kuwasiliana, kuhurumia wenzako na kumudu msongo wa mawazo. Kuanzia hapo waandishi wa vitabu walikuwa na dira. Somo halikuishia tena kwenye njia za maambukizi. Lilimtaka mwanafunzi afanye mazoezi ya kukataa, kushauriana na kutafuta msaada. Kenya ilipata silabasi yake ya elimu ya UKIMWI mwaka 1999, mwaka uleule ambao Rais Moi alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na stadi za maisha zikapewa kipindi chake mwaka 2008. Hata hivyo, somo lisilotahiniwa halina mtetezi: mara nyingi kipindi hicho kiliazimwa na hisabati.

Jaribio lililotufunza zaidi lilifanyika vijijini mkoani Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulianza mwaka 1999 katika jamii 10, nyingine 10 zikiwa za kulinganishia. Viongozi vya mwalimu viliandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya darasa la tano hadi la saba. Kila darasa lilichagua waelimishaji rika, ambao waliigiza mchezo mfupi wa kufungulia somo. Matokeo yalipopimwa, maarifa na mitazamo vilikuwa vimeimarika, lakini maambukizi ya VVU na mimba havikupungua. Sababu hazikuwa katika kitabu peke yake. Maonyesho ya matumizi ya kondomu hayakuruhusiwa katika shule za msingi. Walimu wengi walikuwa wamezoea kukaririsha na kuchapa. Na nje ya darasa, umaskini uliwafanya wasichana wapokee fedha na zawadi za wanaume.

Magharibi mwa Kenya, kuanzia mwaka 2003, utafiti uliohusisha shule 328 ulionyesha kwamba kuwafunza walimu mtaala wa taifa pekee hakukupunguza mimba za wanafunzi. Lakini mazungumzo ya dakika 40, yaliyowaeleza wanafunzi waziwazi kwamba wanaume wenye umri mkubwa wana maambukizi mengi zaidi kuliko wavulana wa rika lao, yalipunguza uzazi miongoni mwa wasichana walioyasikia kwa asilimia 28 ndani ya mwaka mmoja. Kuwapa wanafunzi sare za shule bure nako kuliwabakiza wasichana darasani na kupunguza mimba.

Wakati huohuo jarida la Femina, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1999 na baadaye kuitwa Fema, lilizifikia shule za sekondari likiwa na simulizi za vijana wenyewe, kwa lugha yao. Vilabu vya Fema vikazaliwa shuleni kutokana na kurasa hizo.

Historia hii ina hukumu moja. Kitabu cha stadi za maisha humsaidia mtoto kinapomweleza ukweli anaokutana nao njiani kutoka shuleni: nani humshawishi, kwa nini, na hatari yake ni ipi. Kinapokwepa ukweli huo, humpa maarifa ya kujibia mtihani tu. Mitaala mipya ya Tanzania ilianza kutumika Januari 2024. Waandishi wa vitabu vyake na waanze kwa kuwasikiliza wanafunzi, wavijaribu darasani kabla ya kuvichapa, na wamwandae mwalimu kusema waziwazi. Wazazi nasi tusimwachie mwalimu peke yake kazi ambayo nyumbani tunaionea haya.