Jozani: Kima Punju, Mkulima na Fedha za Lango

Msitu wa Jozani, kilomita zipatazo 35 kutoka Mji wa Zanzibar, ndio kipande kikubwa zaidi cha msitu wa asili kilichosalia Unguja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 ulikuwa wa kuvunwa mbao. Serikali ya kikoloni iliuchukua mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1960 ukawa msitu wa akiba. Kwa miongo mitatu iliyofuata, hifadhi hapo ilikuwa na maana moja: bwana misitu kumkamata mkata kuni. Nao wakata kuni walikuwa wengi, kwa sababu ardhi ya maweni ya kusini haina rutuba na majiko ya Mji yalitaka kuni na mkaa kila siku.

Mnyama aliyeupa msitu huo jina duniani hapatikani kwa asili nje ya Zanzibar. Wenyeji humwita kima punju, yaani kima wa sumu, na jina hilo halikuwa la sifa: iliaminika kuwa mti alioula hufa. Kima hawa hula majani mabichi ya miembe na mikungu, huangusha nazi changa, kisha huteremka kutafuta makaa kwenye visiki vilivyoungua na mahali palipochomwa tanuri. Mtafiti Thomas Struhsaker na wenzake walieleza mwaka 1997 kuwa makaa hayo huwasaidia kuondoa makali ya sumu iliyomo ndani ya majani.

Watalii walipoanza kumiminika Zanzibar katika miaka ya 1990, makundi ya kima yaliyozoea watu zaidi hayakuwa katikati ya msitu. Yalikuwa kwenye mashamba ya kusini yake. Mgeni alilipa langoni, pesa zikaingia serikalini, kisha akaenda kupiga picha chini ya mnazi wa mtu. Mwenye mnazi alibaki na hasara ya mazao.

Hapo ndipo shirika la CARE lilipoingia. Lilianzishwa Marekani mwaka 1945 ili kupeleka maboksi ya chakula kwa watu wa Ulaya walioathiriwa na vita. Nusu karne baadaye lilikuwa linashughulika na misitu ya Unguja. Mwaka 1995, likishirikiana na Kamisheni ya Maliasili na likitumia fedha zilizotoka zaidi Austria, lilianza mradi wa hifadhi ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Bango lilikuwa la kuokoa kima na mikoko. Suala lenyewe, kama ilivyodhihirika mapema, lilikuwa mgao wa pesa.

Wakulima walikwisha kuliona hilo. Waliungana katika chama chao, UWEMAJO, na wakapata fungu katika mapato ya lango kama fidia ya mazao. Sheria ya misitu ya Zanzibar Na. 10 ya mwaka 1996 ikafungua mlango wa vijiji kutia saini mikataba na serikali ya kusimamia misitu iliyo jirani nao. Mwaka 1999 ikaundwa JECA, jumuiya ya vijiji vinavyozunguka Jozani. Kijiji cha Pete nacho kikapata njia ya mbao inayopita juu ya matope ya mikoko, na mapato yake yakasaidia shughuli za kijiji.

Huenda jambo lililodumu kuliko yote halikuhusu utalii hata kidogo. Ni vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo CARE ilivianzisha Niger mwaka 1991 na kuvileta Jozani. Chombo chake ni sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu, na mshika sanduku hana hata mmoja. Hisa hununuliwa kikaoni mbele ya wote, na mkopo hutolewa papo hapo. Sanduku la namna hiyo halihitaji mgeni wala mfadhili.

Utafiti nao ulileta mambo yasiyotarajiwa. Mwaka 1999 Kirstin Siex na Struhsaker walichapisha matokeo kuwa minazi iliyoliwa zaidi na kima haikupungukiwa na mavuno. Kuanguliwa kwa nazi changa huenda kunaupa mti nafasi ya kukuza zile zinazobaki. Mkulima anayeona vidaka vimetapakaa chini ya mnazi wake haamini hayo kwa urahisi, na utafiti ulihusu nazi tu. Upande wa barabara inayopita Jozani, jibu lilikuwa jepesi zaidi: lami ya kuelekea kijiji cha Paje iliwafanya kima kugongwa ovyo na magari, na matuta yakapunguza vifo.

Mradi haukuwa wa haki kwa wote. Vijiji vilivyo mbali na lango, vilivyoishi kwa kuni na mkaa, vilibeba makatazo bila kuona watalii. Malalamiko yao yalikuwepo hata mradi ulipofungwa mwaka 2003, na yalikuwepo Jozani ilipotangazwa hifadhi ya taifa mwaka uliofuata, ya kwanza Zanzibar. CARE ilirudi na mradi wa HIMA mwaka 2010, safari hii kwa fedha za Norwei na kwa matumaini ya biashara ya kaboni. Mwaka 2016 UNESCO iliiingiza Jozani na Ghuba ya Chwaka katika orodha ya hifadhi hai za dunia. Mwaka 2017 shirika jingine la nje, Wildlife Conservation Society la New York, lilitangaza hesabu ya kima zaidi ya 5,800, mara tatu na ushei ya idadi iliyodhaniwa.

Udhaifu wa mpango mzima ulionekana mwaka 2020, ndege ziliposita na lango likakosa wageni: fidia iliyofungwa kwenye tiketi hukauka pamoja na tiketi. Kima wao hawakusimama. Makundi ambayo wageni huyakaribia kwa urahisi zaidi bado hula na kulala katika mashamba ya watu, kusini ya msitu.