Kufuli Huanzia Kwenye Bajeti

Siku hiyo niliamka na sura ya saba kichwani. Nyumbani tunakaa watu watano chumba kimoja, na redio ya jirani haijui kama kuna mtu anaandika riwaya. Kwa hiyo tangu nimalize Kidato cha Nne nimekuwa nikiandikia kwenye kijimaktaba fulani cha umma, si mbali na stendi ya matatu. Nikachukua daftari langu la kurasa mia mbili, nikaenda mbiombio kabla maneno hayajanitoroka. Kufika langoni, kufuli! Kubwa, jeusi, jipya. Hakuna tangazo ukutani, hakuna askari wa kumuuliza. Mama anayeuza njugu pale nje akanionea huruma, akasema, “Wamefunga tangu Jumatatu, kijana wangu. Eti hakuna pesa.”

Baada ya majuma mawili kufuli liliondolewa, kimya kimya kama lilivyokuja. Sura ya saba ilikuwa imeshaniponyoka na mpaka leo haijarudi. Lakini yale maneno ya Mama Njugu yalikataa kutoka masikioni. Hakuna pesa. Nani alisema hakuna? Alisemea wapi, mbele ya nani, siku gani? Maana pesa haziishi tu hivihivi kama mvua inavyokatika. Lazima kuna watu waliokaa mahali, wakainua mikono, wakaamua.

Basi nikaanza kuuliza maktaba hufa vipi. Na kwa kuwa hizi maktaba zetu za mjini ni mbegu iliyoletwa na Waingereza, nikaona niende kwanza kwao, kwenye shina lenyewe.

Kumbe hata kwao maktaba ya umma ilizaliwa katikati ya ubishi wa pesa. Mwaka 1850 Bunge la Uingereza lilijadili mswada wa mbunge mmoja aitwaye William Ewart, aliyetaka mabaraza ya miji yaruhusiwe kutumia kodi kuanzisha maktaba za wote. Wapinzani walikuja juu. Wengine waliogopa kodi, wengine waliogopa mtu wa chini akisoma atapata fikra za fujo. Mbunge mmoja, Kanali Sibthorp, alisimama akakiri kwamba yeye mwenyewe hapendi kusoma hata kidogo! Mswada ukapita, lakini umekatwa mikono. Baraza liliruhusiwa kutoza nusu peni tu kwa kila pauni ya thamani ya kodi ya majengo, na ni lazima walipa kodi wapige kura, thuluthi mbili wakubali. Na sikiliza kituko hiki: pesa hizo zilikuwa za jengo na wafanyakazi. Kununulia vitabu? La hasha! Eti vitabu vitatolewa na wahisani. Ilibidi wangoje mpaka mwaka 1855 ndipo sheria ikaruhusu peni nzima, na vitabu vikaingia kwenye hesabu.

Nimelisimulia hilo kwa sababu ndilo lililonifungua macho. Maktaba ni rafu, ndiyo, na ni ukimya na harufu ya karatasi kuukuu. Lakini kabla ya hayo yote maktaba ni mstari mmoja kwenye daftari la hesabu za baraza. Mstari ukifutwa, rafu hazina pa kusimama.

Sasa twende London ya kaskazini-magharibi, kwenye mtaa unaoitwa Kensal Rise. Chuo kimoja cha Oxford, All Souls, kilitoa kiwanja, kwa sharti kwamba kitumike kwa maktaba. Tarehe 27 Septemba 1900 chumba cha kusomea kikafunguliwa, na aliyekifungua si mwingine ila Mark Twain, yule mwandishi wa Kimarekani, ambaye siku hizo alikuwa akiishi karibu na hapo. Mwaka 1904 jengo likapanuliwa kwa pesa za Andrew Carnegie, tajiri wa chuma cha pua. Huyu bwana alisaidia kujenga maktaba zaidi ya 2,500 duniani. Lakini hakuwa mjinga. Kabla hajatoa pesa alitaka baraza liahidi kwamba litakuwa likitenga fedha za kuiendesha kila mwaka. Alijua kwamba zawadi hujenga kuta tu. Kinachoiweka taa ikiwaka ni bajeti.

Taa ya Kensal Rise iliwaka miaka mia moja na kumi. Mtaa ukabadilika. Wakaja Waayalandi, wakaja watu wa Karibiani, Waafrika, na Wahindi wengi, wakiwemo waliotoka kwetu Kenya na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Eneo lote likawa chini ya halmashauri moja, Brent. Kutoka Brent hiyohiyo ndiko alikotoka Zadie Smith, binti wa mama Mjamaika na baba Mwingereza, aliyekulia mtaa wa Willesden akisoma vitabu vya maktaba. Mwaka 2000 alitoa riwaya yake ya kwanza, White Teeth, akiwa hajatimiza miaka 25. Sisi tunaoota riwaya tukiwa na umri kama huo, tuiangalie vizuri hiyo hesabu.

Mwaka 2010 mambo yakageuka. Serikali mpya ya Uingereza, ikikabiliwa na madeni baada ya msukosuko wa mabenki wa 2008, ilitangaza kupunguza ruzuku ya mabaraza kwa zaidi ya robo katika miaka minne. Kila diwani akabaki na kisu mkononi na swali moja: nikate wapi? Brent ilikuwa na maktaba 12. Ikapendekeza kufunga sita: Kensal Rise, Barham Park, Preston, Cricklewood, Neasden na Tokyngton.

Hapa lazima nitende haki. Madiwani wa Brent hawakuwa majini. Walisema heri maktaba sita zenye nguvu kuliko kumi na mbili zinazochechemea. Walisema wazee wasiojiweza na watoto walio hatarini nao wanadai pesa hizohizo. Ukimweka mzee wa kitandani upande mmoja na rafu ya vitabu upande mwingine, utakata nini? Swali hilo si jepesi, na anayelicheka hajawahi kugawa unga usiotosha.

Lakini wananchi nao walikuwa na jibu. Walisema mtoto mdogo, bibi wa mkongojo na mama asiye na nauli hawataifuata maktaba ya mbali. Kwao, maktaba ya mbali ni maktaba iliyofungwa. Wakajaa kwenye mikutano ya maoni, wakaleta mipango yao ya kuziendesha. Waandishi wakubwa kama Alan Bennett na Philip Pullman wakajitokeza kuwaunga mkono, na Zadie Smith akazitetea maktaba kwenye redio. Hata hivyo, tarehe 11 Aprili 2011 halmashauri ikapitisha: sita zifungwe.

Wakaenda mahakamani. Wakili wao alitumia hoja ya usawa pia, kwamba hatua hiyo ingewaumiza zaidi wakazi wenye asili ya Asia, kwa vile ndio waliokuwa wakizitumia sana maktaba hizo. Tarehe 13 Oktoba 2011 Mahakama Kuu ikakataa. Siku ileile mafundi wakatumwa kuziba milango kwa mbao. Kensal Rise watu wakasimama mlangoni, wakawazuia, kisha wakakaa zamu hapo usiku na mchana. Desemba wakashindwa tena kwenye rufaa. Ndipo usiku wa kuamkia tarehe 29 Mei 2012, mtaa umelala, wafanyakazi wa halmashauri wakaja na polisi wakabeba vitabu. Hebu jiulize, kama jambo ni la haki, kwa nini lifanywe usiku wa manane?

Asubuhi watu wakaanza upya, mezani, nje ya jengo, kwa vitabu vya kuchangishana. Na hapa historia ikafanya mzaha wake. Lile sharti la 1900 bado lilikuwa hai! Kwa kuwa jengo halikuwa tena maktaba, lilirudi mikononi mwa chuo cha All Souls. Chuo kikaliuza ligeuzwe nyumba za kuishi, lakini baada ya mvutano mrefu nafasi ya chini ikatengwa kwa ajili ya maktaba. Leo vitabu vimerudi mle, vinatunzwa na watu wa kujitolea. Je, ni ushindi? Nusu. Mkutubi wa mshahara hayupo tena, na kujitolea hakulipi kodi ya nyumba ya mtu. Lakini bila wale waliokesha mlangoni, na bila karatasi ile ya zamani, hata hiyo nusu isingekuwepo.

Kwingine mambo yalikwenda tofauti. Wirral, huko karibu na Liverpool, baraza liliamua mwaka 2009 kufunga maktaba 11 kati ya 24. Wananchi wakashika sheria ya 1964, inayoyalazimisha mabaraza kutoa huduma ya maktaba iliyo kamili na bora. Serikali ikaamuru uchunguzi, baraza likarudi nyuma. Novemba 2011 Mahakama Kuu iliwaambia mabwana wa Gloucestershire na Somerset kwamba mipango yao ya kupunguza maktaba ilivunja sheria, maana hawakuwafikiria ipasavyo wanyonge.

Na kisa ninachokipenda zaidi ni cha mji mdogo wa Stony Stratford. Januari 2011, pendekezo la kufunga likiwa bado ni pendekezo, watu wakapeana habari: kila mwenye kadi aende akaazime vitabu vyote anavyoruhusiwa, kumi na tano. Siku chache tu, vitabu kama 16,000 vikawa majumbani kwa watu! Rafu zikabaki wazi, na diwani akaona kwa macho yake jinsi mji usio na maktaba unavyofanana. Maktaba ile haikufungwa.

Hata hivyo tusijidanganye. Mwaka 2016 shirika la habari la BBC lilihesabu maktaba 343 zilizofungwa Uingereza katika miaka sita, na karibu kazi 8,000 zilizopotea. Septemba 2023 baraza la Birmingham, kubwa kuliko yote nchini humo, lilitangaza kwamba hesabu zake zimeshindikana, na maktaba za mitaa zikaingia tena kwenye orodha ya vya kukatwa.

Sasa turudi nyumbani Nairobi. Pale mjini kuna maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni. Ilifunguliwa mwaka 1931 kwa kumbukumbu ya bwana mmoja tajiri, na kati ya waliochangia ni Shirika la Carnegie. Ndiyo, Carnegie yuleyule wa Kensal Rise. Lakini mwafrika hakuruhusiwa kupita kati ya wale simba kusoma, mpaka Baraza la Jiji lilipoichukua. Vitabu vilikuwepo, mlango ulikuwepo, kufuli lilikuwa rangi ya ngozi. Baadaye zikawepo na zile za Eastlands, Kaloleni na Makadara, karibu na watu wenyewe. Zilipochakaa, walikuwa wanawake wawili, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka, walioanzisha shirika la Book Bunk mwaka 2017 ili kuzifufua kwa kushirikiana na kaunti. Hongera kwao. Lakini hata wao ni kama Carnegie: wanaweza kuipaka rangi, hawawezi kuwa bajeti ya milele.

Katiba yetu ya 2010 imezikabidhi maktaba kwa kaunti. Fungua Jedwali la Nne uone mwenyewe: maktaba zimetajwa kwenye fungu moja na kamari, leseni za pombe, sinema na video. Hao ndio jirani zetu mezani. Kamari na pombe zinaingiza pesa, maktaba inatumia. Ukiwa mwakilishi wa wadi mwenye unga usiotosha, utakata nini?

Lakini Katiba hiyohiyo, kifungu cha 196, inalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Na sheria inataka makadirio ya bajeti ya kaunti yafikishwe bungeni kufikia tarehe 30 Aprili kila mwaka. Kisha kuna vikao vya maoni, kwenye ukumbi wa mtaa, viti vya plastiki, wazee sita na mbwa mmoja mlangoni. Vijana wako wapi? Tuko kijiweni tunabishana nani ndiye mwandishi bora Afrika.

Sisi tunaojiita waandishi ni watu wa karatasi. Tunasoma kila karatasi isipokuwa ile moja inayotupa meza na taa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na mimi nilikuwa nikidhani wanawasema wenye maduka. Kumbe walikuwa wananisema mimi, siku ile nimesimama langoni na sura ya saba inanitoka kichwani.

Mimi nimeamua. Mwaka huu kikao cha wadi yetu kikiitwa nitakwenda, na daftari langu la kurasa mia mbili nitalibeba. Nitauliza swali moja tu: mstari wa maktaba uko ukurasa wa ngapi, na umeandikwa shilingi ngapi? Wakinijibu, nitaandika. Wasiponijibu, nitaandika pia. Huenda sura ya saba ikaanzia hapo.